Msukumo wa Kujidhuru Unaporudi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu aliyeacha kujidhuru, iwe ni kwa wiki chache au kwa miaka, mara nyingi hupimwa na watu wa nyumbani kwa swali moja tu: je, bado unatamani? Akijibu ndiyo, huhesabiwa kuwa hajapona, na kwa kuwa analijua hilo, hujizoeza kujibu hapana. Dhana nyingi potofu kuhusu kipindi hiki huanzia hapo, katika kuchanganya msukumo na kitendo.

Dhana: "Aliyepona hapatwi tena na msukumo."

Kwa watu wengi kujidhuru huwa njia ya kutuliza hisia zilizowazidi nguvu, kama vile aibu, hasira, huzuni au ganzi ya moyo, na kwa kuwa kitendo hicho huleta nafuu ya muda mfupi, ubongo hukihifadhi kama jibu lililokwisha kujaribiwa. Ndiyo maana baada ya ugomvi, matokeo mabaya ya mtihani au usiku usio na usingizi, jibu hilo la zamani hujitokeza kabla ya majibu mapya, ambayo bado hayajakomaa. Kujitokeza kwake ni kazi ya mazoea. Mtu aliyepata msukumo jana usiku na asiufuate amefanya kazi kubwa, ingawa hakuna aliyeiona.

Dhana: "Msukumo usipofuatwa utapanda mpaka umshinde mtu."

Anayeupitia huamini hivyo kwa dhati, na si ajabu, kwa maana akiwa kileleni haoni mteremko. Hata hivyo, utafiti wa Matthew Nock na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, ambao uliwafuatilia vijana 30 katika maisha yao ya kila siku, ulionyesha kwamba mawazo ya kujidhuru kwa kawaida yalikuwa ya muda mfupi. Msukumo hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyewahudumia watu waliokuwa wakiacha ulevi, aliwafundisha kuuelea kama mwogeleaji anavyoelea juu ya wimbi: mtu hapigani nao wala haufuati, bali huangalia umekaa wapi mwilini, kifuani au mikononi, na kuupa alama kutoka 0 hadi 10 kila baada ya dakika chache. Anaweza kujiwekea ahadi ya kusubiri dakika 15, na zikiisha akajiwekea nyingine. Wakati huo husaidia sana kutoka chumbani na kukaa penye watu, hata bila kuwaeleza lolote, na vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo viwe vimekabidhiwa mtu mwingine mapema, siku ya utulivu.

Dhana: "Dawa ya msukumo ni kutoufikiria kabisa."

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliombwa wasimfikirie dubu mweupe. Dubu aliendelea kuwajia, na waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia zaidi ya alivyowajia wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Mwaka 2007 Wegner alishiriki katika utafiti mwingine, uliobaini kwamba vijana wenye tabia ya kuzima mawazo yao huwa na mawazo ya kujidhuru mara nyingi zaidi. Kusema kimoyomoyo "msukumo umekuja" huwa na manufaa kuliko kujikaripia.

Dhana: "Maji baridi na pumzi ni mambo ya kitoto."

Mtu anapozamisha uso katika beseni la maji baridi huku amebana pumzi, mapigo ya moyo hupungua kasi kwa itikio la asili la mwili, lisilongoja mtu atulie kwanza. (Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kabla ya kujaribu.) Kutembea kwa kasi, au kutoa pumzi polepole kuliko ilivyoingia, pia husaidia kuutuliza mwili. Mbinu hizi zimo katika tiba iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba katika ujana wake yeye mwenyewe alijidhuru na kulazwa hospitalini. Ushauri wa kujipa maumivu madogo badala ya makubwa ni jambo jingine, nami siupendi, kwa kuwa unaendelea kuufundisha ubongo kwamba nafuu hupitia kwenye maumivu.

Dhana: "Ukiteleza mara moja umerudi sifuri."

Kuhesabu siku huwatia moyo baadhi ya watu, lakini hesabu hiyo hugeuka kuwa hakimu siku inapokatika, na aibu inayofuata inaweza kuwa chanzo cha msukumo mwingine. Katika tiba ya Linehan, aliyeteleza huketi na mtaalamu wakafuatilia mnyororo wa matukio: kama alikula, kama alilala, nani alisema nini, wazo gani lilitangulia, na ni pete ipi ingeweza kukatwa. Ujuzi alioupata katika miezi iliyopita haujafutika.

Dhana: "Anadeka," au "Imani yake ni haba."

Wengi huficha makovu kwa bidii kubwa, jambo ambalo mtu anayedeka hangelifanya. Sala inaweza kumliwaza mtu, lakini kumwambia kwamba msukumo ni ushahidi wa imani dhaifu humwongezea aibu ileile inayouchochea.

Dhana: "Ukisema utajiletea matatizo."

Hofu hii ina historia. Sheria zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na nchini Kenya ilikuwa tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hata hivyo, kumwambia mtu kwamba una msukumo wa kujidhuru si jaribio la kujiua, na kumuuliza mwenzako kwa upole kama anao hakumpandikizii wazo. Watoto na vijana nchini Tanzania, Kenya na Uganda wanaweza kupiga simu namba 116. Aliyekwisha kuumia, au ambaye msukumo wake umegeuka kuwa nia ya kufa, apelekwe hospitali wakati huohuo, na asiachwe peke yake njiani.