Usiuamini ukingo wa bwawa kwenye ramani

Kazi yangu ni kupanga maeneo ya utalii wa ikolojia kwa ramani za kompyuta, na bwawa hunitoa jasho kuliko msitu au mlima. Ramani huzungusha bwawa kwa mstari wa bluu uliotulia, ilhali maji yenyewe hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, mitambo ya umeme na mashamba ya umwagiliaji.

Piga hesabu. Maji yakishuka mita 6 mahali penye mteremko wa asilimia 2, ukingo unarudi nyuma mita 300, na mgeni uliyemwahidi hema kando ya maji anaamkia tope. Ng'ambo, penye mteremko wa asilimia 30, ukingo umesogea mita 20 tu.

Kwa hiyo huanza na picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure na pikseli yake ni mita 10. Ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, nachukua mkanda wa mwanga wa kijani, natoa ule wa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), kisha nagawa kwa jumla ya yote miwili. Maji yanajitenga na nchi kavu. Narudia kwa picha za kiangazi na za masika, miaka kadhaa, nazipandanisha. Inajitokeza pete ya ardhi inayofunikwa na kufunuliwa. Humo sijengi chochote cha kudumu. Gati liwe la kuelea.

Kosa ninalolikuta sana ni kutoa alama kwa kila tabaka la ramani, kama mteremko au barabara, na kujumlisha tu. Kinamasi ambamo ndege hutaga kinaweza kuibuka mshindi: ni tambarare, kiko karibu na barabara, kina mandhari. Alama tatu nzuri zimeficha moja mbaya. Mimi mazalia nayafuta kwanza, pamoja na ukanda wa kuyakinga, ndipo nagawa alama kwa kilichobaki.

Mwinuko nao una mtego wake. Data za SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani, zilipimwa kwa rada Februari 2000, na rada ile haikupenya maji. Bwawa lililojaa kabla ya hapo linaonekana bapa kama meza. Lililojaa baadaye linakuonyesha bonde lililozama, jambo lenye faida ukitafuta njia za mitumbwi. Penye msitu mnene, rada ilipima matawi badala ya udongo. Ndiyo maana kilima ambacho kompyuta imekisifu kwa mandhari nakipanda kwanza kwa miguu. Kuna kimoja nilikipanda nikakuta majani matupu. Bwawa lilionekana kutoka vileleni mwa miti tu.