Miguu ya mota kwenye tela, maana yake nini hasa

Ukipita Kurasini, Dar, au kwenye yadi yoyote ya malori utaona tela limeachwa peke yake bila kichwa, nyuma limekaa kwenye matairi, mbele limesimama kwa vyuma viwili vilivyoshuka hadi chini. Hivyo vyuma ndo miguu ya tela. Tela la aina hii, yaani semi, halina ekseli ya mbele, uzito wa mbele unabebwa na kichwa kupitia ile sahani ya chuma iliyojaa grisi ambapo kingpini, ile pini nene iliyo chini ya mbele ya tela, inaingia na kufungwa, kwahiyo kichwa kikichomoka lazima kuwe na kitu kingine cha kushika huo uzito. Tela la puling lenye ekseli mbele na nyuma halina shida hii, ukilikata linakaa lenyewe.

Miguu ya kawaida unaipandisha na kuishusha kwa handeli. Ndani ya kila mguu kuna skrubu ndefu iliyosimama na nati yake, juu kuna giaboksi ndogo, alafu kuna shafti inavuka chini ya tela kutoka mguu mmoja kwenda wa pili ili yote miwili iende sawa. Handeli unaisukuma ndani au unaivuta nje kubadilisha gia. Gia ya haraka mguu unasogea kama sentimita moja kwa mzunguko mmoja, hiyo ni ya kushusha mguu ukiwa bado hewani. Gia ya mzigo ni kama milimita moja tu kwa mzunguko, na hapo ndo pana kazi.

Mimi nimeanza kazi hizi kama utingo na ninachokumbuka zaidi ni bega. Kichwa kilicholeta tela sahani yake ilikuwa chini, kilichokuja kulichukua yake iko juu zaidi, sasa dereva akirudi nyuma sahani inagonga paji la tela badala ya kuingia chini yake. Inabidi uliinue. Kontena la futi 40 lenye mzigo liko juu, unahitaji sentimita 10, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni mizunguko kama 100 kwenye gia nzito, saa nane usiku, na kama gia haijakaa vizuri handeli inachomoka na kukupiga kiwiko au meno. Na usipitilize pia, maana tela likiwa juu sana kingpini inapita juu ya sahani bila kufunga, na tela linaweza kwenda kugonga kebini.

Sasa miguu ya mota ni miguu hiyohiyo, skrubu ileile, giaboksi ileile, ila kazi ya mkono wako kwenye handeli inafanywa na mota. Unabonyeza kitufe inashuka, unabonyeza kingine inapanda. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wanaogopa eti umeme ukikatika tela litaanguka. Haliwezi kuanguka kwa sababu hiyo. Mota inazungusha tu, mzigo unashikwa na skrubu, meno yake yamelala kiasi kwamba uzito ukikandamiza kutoka juu haiwezi kujizungusha irudi. Hata ukiitoa mota kabisa tela linabaki palepale. Miguu ya haidroli ndo tofauti, unaikuta zaidi kwenye lobedi, yale matela ya chini ya kubeba mizigo mizito, pale mzigo umekaa juu ya mafuta kwahiyo lazima kuwe na valvu ya kufunga, sili ikivuja bila hiyo valvu mguu unashuka polepole.

Mota zenyewe zipo za umeme, volti 24 kwa malori mengi ya huku na Ulaya, 12 kwa ya Marekani, zinakula umeme wa kichwa au betri iliyofungwa kwenye tela lenyewe. Zipo pia za upepo, zinachukua kwenye tangi la tela, na hapo hakikisha imefungwa valvu inayolinda upepo wa breki, presha ikishuka mota isimame kwanza kabla breki hazijakosa.

Je, unaihitaji? Inategemea unakata tela mara ngapi. Kwenye maghala makubwa ya Ulaya na Marekani dereva anaacha tela na kuchukua lingine siku nzima, migongo na mabega yanaumia, hapo mota inajilipa. Bandarini wana njia nyingine, zile trekta za yadi zina sahani inayoinuka kwa haidroli, inaingia chini, inanyanyua mbele ya tela na miguu inaacha ardhi bila mtu kugusa handeli. Hata kichwa chenye mifuko ya upepo badala ya springi kinasaidia sana, unatoa upepo kinashuka, unaingia, unakijaza kinainua. Lakini dereva wa Dar kwenda Lubumbashi anayetembea na tela lilelile wiki na wiki, miguu yake inaguswa mara chache, mota itakaa inakula vumbi na maji bure, mimi ningemwambia hela hiyo anunue grisi na abadilishe bearing za giaboksi zilizochakaa.

Ukiamua kuifunga, angalia mambo haya: pawe na sehemu ya kuchomeka handeli, maana siku mota ikifa porini utaihitaji, swichi ikae mahali ambapo anayebonyeza anaiona miguu yote miwili, na kule kwa dereva pawe na taa inayomwambia miguu haijapanda yote, kwa sababu ukiondoka nayo ikiwa chini, tuta la kwanza au reli inaikunja. Na mota haijui lami wala tope, ardhi ikiwa imelowa itaendelea kusukuma mguu hadi uzame na tela lilale upande, kwahiyo utingo bado anashuka kwanza na vipande vyake viwili vya mbao vya kuweka chini ya miguu.