Mshirika wa Tuzo Ni Nani Hasa?

Tuzo za nishati endelevu zinapotangazwa, taarifa kwa vyombo vya habari huwarundika chini ya jina moja la "washirika" watu ambao kazi zao hazifanani hata kidogo: benki iliyotoa fedha, shirika lililotafuta waombaji, mhandisi aliyekagua mitambo, na hata kampuni iliyochapisha mabango. Mshirika wa tuzo ni taasisi inayobeba sehemu ya kazi yenyewe, kama kusaka washindani, kuwanoa au kuwakutanisha na wawekezaji. Anayelipia gharama ni mdhamini. Taasisi moja yaweza kuwa vyote viwili, mradi iwe imefanya kazi zote mbili.

Anayeonewa zaidi katika mchanganyiko huu ni mtaalamu anayekagua kazi za washindani, ambaye wengi humwita jaji ingawa siye. Tuzo za Ashden, zilizoasisiwa Uingereza mwaka 2001, ziliwahi kwenda kwa KIST, taasisi ya elimu ya sayansi na teknolojia ya Kigali, mwaka 2005, kwa mitambo ya biogesi inayogeuza kinyesi cha wafungwa katika magereza ya Rwanda kuwa gesi ya kupikia, na mwaka 2007 kwa Zara Solar, kampuni ya umeme wa jua ya Mwanza. Ombi la namna hiyo likifika mezani, jaji anaona karatasi, na karatasi haikatai kuandikwa lolote. Anahitajika mtu wa kueleza kama gesi inatosha kuivisha maharage ya gereza zima, na kama kuni zimepungua kweli au zimehamia jiko la nyuma.

Tuseme mshindani ni mtengenezaji wa jiko banifu anayedai kwamba linapunguza mkaa kwa nusu. Maabarani, ambako kinachochemshwa ni sufuria ya maji tu, huenda dai hilo likawa kweli. Nyumbani kuna ugali unaotaka jiko lisiloyumba wakati wa kusonga, kuna maharage ya saa kadhaa, na jiko la zamani bado linawaka pembeni kwa sababu mboga nayo inapikwa. Ndiyo maana mtaalamu makini huupima mkaa wa nyumba kwa mizani, akarudi kesho yake kupima uliobaki, akafanya hivyo kwa siku kadhaa huku akihesabu waliokula. Haridhiki na idadi ya majiko yaliyouzwa. Anataka kujua ni mangapi yanayotumika.

Akishamaliza, hutoa ripoti ya madai yaliyothibitika na yaliyokwama, basi. Kumchagua mshindi ni kazi ya jaji, ambaye huyapima hayo pamoja na bei, uongozi na uwezekano wa kazi kuenea. Mipaka hii ikifutika, mdhamini aliyezoea kuitwa mshirika huanza kudhaniwa, na wakati mwingine kujidhania, kuwa ana kauli katika uteuzi. Na ikiwa anauza paneli za sola kwa baadhi ya washindani, hata ushindi wa haki utanuka.

Waandishi wa taarifa hizi wangetusaidia sana kwa kuandika "kwa udhamini wa" panapohusu fedha, "kwa kushirikiana na" panapohusu kazi, na kumwita mtathmini yule mtaalamu aliyekaa jikoni na mizani yake. Neno "wadau", linaloingizwa kila mwandishi asipojua nani alifanya nini, linaweza kupumzishwa kidogo.