Sifuri za matriki kubwa: dhana potofu na ukweli

"Matriki kubwa inahitaji kompyuta kubwa." Matriki ni jedwali la namba; ya 1,000,000 kwa 1,000,000, kila namba ikichukua baiti 8, inakula terabaiti 8. Lakini kwenye gridi ya umeme kila kituo kimeungana na majirani wachache tu, kwa hiyo karibu matriki nzima ni sifuri. Safu mlalo ikiwa na namba tano, unatunza namba 5,000,000 na mahali zilipo. Simu ya mkononi inazibeba.

"Sifuri zikiwa nyingi, hesabu itakuwa nyepesi." Hapa ndipo wengi hukwama. Kila safu mlalo ni mlinganyo, na kila safu wima ni kigeu, yaani namba isiyojulikana. Ukiondoa kigeu kimoja ili kutatua milinganyo, vigeu vilivyohusiana nacho huungana vyenyewe kwa vyenyewe, na palipokuwa na sifuri panaota namba. Chukua matriki ya 10,000 kwa 10,000 yenye namba kwenye ulalo (kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia), safu mlalo ya kwanza na safu wima ya kwanza pekee: jumla namba 29,998. Anza kuondoa kigeu cha kwanza, na karibu nafasi zote milioni 100 zinajaa. Kiache kigeu hichohicho hadi mwisho, na haioti namba mpya hata moja! Jibu ni lilelile.

Ndiyo maana mwaka 1967 Tinney na Walker, waliokuwa wakishughulikia mitandao ya umeme Marekani, walisisitiza mpangilio: ondoa kwanza kituo chenye miunganisho michache. Kanuni hiyo haihakikishi mpangilio bora kuliko yote, lakini kazini inafaa sana.

"Tafuta kwanza matriki kinyume." Usithubutu. Kinyume, yaani matriki inayotengua kazi ya ile ya awali, kwa kawaida hujaa pomoni hata kama ya awali ina sifuri nyingi. Igawe ile ya awali katika matriki mbili za pembetatu (zenye sifuri tupu upande mmoja wa ulalo), kisha utatue hatua kwa hatua.

"Kinachotafutwa kikiwa matriki nzima, sifuri hazina msaada." Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi. Mara nyingi sharti ni kwamba matriki isiwe na thamani aigeni (kiasi ambacho matriki hurefusha au kufupisha mielekeo yake maalumu) iliyo hasi, na kulikagua kwa matriki kubwa ni kazi nzito. Chora mtandao: kila safu ni nukta, na kila nafasi inayotumika kweli ni mstari kati ya nukta mbili. Kila mzunguko wa nukta nne au zaidi ukiwa na njia ya mkato (mstari unaounga nukta mbili zisizofuatana kwenye mzunguko), sharti hilo kubwa linavunjika kuwa masharti madogo, moja kwa kila kundi la nukta zilizoungana zote. Mwanahisabati Grone na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 1984. Njia za mkato zikikosekana, unaziongeza mwenyewe. Kazi ni kuongeza chache iwezekanavyo.