Sukari Inaposhuka kwa Mzee Mwenye Kisukari

Wengi wanaomtunza mzee mwenye kisukari huogopa sukari kupanda tu. Ipo hatari nyingine, tena ya haraka zaidi: sukari kushuka. Sukari iliyopanda kidogo huumiza mwili polepole kwa miaka. Iliyoshuka sana inaweza kumwangusha mzee asubuhi hii hii akavunjika nyonga.

Sukari imeshuka ikiwa mashine ya kupima sukari inasoma chini ya 3.9 kwa zinazopima kwa milimoli, au chini ya 70 kwa zinazopima kwa miligramu. Kijana hutetemeka, hutokwa jasho na moyo humwenda mbio. Kwa mzee dalili hizo huweza kufifia, hasa aliyeishi na kisukari miaka mingi au anayetumia baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, ambazo hutuliza mapigo ya moyo. Utakachokiona ni kuchanganyikiwa ghafla, kusinzia, kuyumba au ukali usio na sababu. Tafadhali msiseme ni uzee kabla ya kupima.

Mara nyingi chanzo ni dawa ile ile aliyoizoea. Figo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, hivyo glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, hukaa mwilini muda mrefu na kuendelea kushusha sukari. Akiruka mlo, au akisahau kwamba ameshameza akarudia, hali huwa mbaya. Insulini nayo ni hivyo hivyo. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho, ingawa nayo huhitaji figo zipimwe.

Kama anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari: vijiko 4 vya chai, vilivyo sawa na ukingo, vikorogwe kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado iko chini. Ikipanda, ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni; mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Aliyeshushwa na glibenklamidi apelekwe hata kama ameamka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Ndiyo maana malengo ya mzee hayafanani na ya kijana. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Mzee mwenye afya nzuri anaweza kulenga chini ya asilimia 7 hadi 7.5, mwenye maradhi kadhaa au anayesahau sana, chini ya 8 inatosha. Mwulize daktari lengo lake ni lipi, na msipunguze dozi wenyewe.

Macho na figo zipimwe kila mwaka. Miguu ni kila siku, na kazi hiyo ni ya mwenye macho mazuri nyumbani. Ganzi huficha maumivu, kwa hiyo mzee anaweza kutembea siku nzima na kijiwe ndani ya kiatu asijue. Tazama nyayo, kisigino na katikati ya vidole. Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla hajavaa. Maji ya kuogea yajaribiwe na mtu asiye na ganzi. Lengelenge, ngozi iliyobadilika rangi au kidonda, hata kisichouma, kionwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.