Radikali huru na nitroksidi: kinachochachisha mafuta na kinachokizuia

Chupa yangu ya mafuta ya kupima ilikaa dirishani wiki kadhaa hapa Umoja, jua la saa nane likiipiga. Nilipoifungua, harufu ilinikwaruza koo. Mafuta yalikuwa yamechacha, na si kwa kuingia kijidudu: ni hewa, ikipitia kwa radikali huru.

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Iliyobaki peke yake hunyakua mwenza popote. Joto au mwanga ukisababisha molekuli moja ya mafuta kupoteza hidrojeni, kaboni iliyoachwa huwa radikali. Oksijeni iliyoyeyuka mle mle ndani huidaka karibu papo hapo, ikazaliwa radikali ya peroksi. Hii nayo hung'oa hidrojeni ya jirani na kutulia, ikawa hidroperoksidi, lakini sasa jirani ndiye radikali. Ndiyo maana huitwa mmenyuko mnyororo. Hidroperoksidi nazo hupasuka polepole, zikazaa radikali mpya pamoja na aldehidi zenye ile harufu. Kwa hiyo mafuta hukaa siku nyingi kama hayana neno, kisha hugeuka ghafla. Na ukimimina mafuta mapya juu ya mabaki ya jana kwenye karai la viazi, unayapandia mapya mbegu ya kuchacha.

Si radikali zote zina pupa hiyo. Mwaka 1900 Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitangaza trifenilimethili, radikali ya kaboni inayodumu mradi oksijeni isiifikie. Nitroksidi, radikali zenye nitrojeni iliyoungana na oksijeni, hunivutia zaidi. Iliyo maarufu, TEMPO, ni fuwele za rangi ya chungwa iliyokolea, na hukaa kwenye chupa ya maabara bila kuogopa hewa. Elektroni yake ya pekee inamilikiwa kwa pamoja na nitrojeni na oksijeni, na vikundi vinne vya methili (kila kimoja kaboni moja yenye hidrojeni tatu) vimeizunguka kama ua wa michongoma.

Nitroksidi ikikutana na radikali ya kaboni, hushikana nayo, elektroni zikawa mbili, mnyororo ukakatika. Hapa watu wengi husahau kwamba nitroksidi na oksijeni hugombea radikali ile ile. Hewa ikiwa tele, oksijeni huwahi. Ikiwa chache, nitroksidi hufua dafu. Vitamini E ya mafuta ya alizeti hupita njia nyingine, huipa radikali ya peroksi hidrojeni yake. Kuziita zote kwa jina moja, vizuia-oksidi, huficha tofauti hiyo.

TEMPO si ya kutia chakulani. Lakini plastiki nyingi za kukaa juani hutiwa amini, kemikali zenye nitrojeni, ambazo mwanga na hewa huzigeuza nitroksidi humo humo, zikailinda plastiki isipauke na kupasuka mapema. Mafuta yangu sasa nayaweka kabatini, gizani, chupa imejaa hadi shingoni na kifuniko kimekazwa.