Nyonga Iliyovunjika kwa Mzee Mwenye Dimenshia (Ugonjwa wa Kupoteza Kumbukumbu): Kitanda Si Dawa

"Mwacheni shosho alale mpaka mfupa uunge." Ushauri huu utausikia Kayole na utausikia Kawangware, na unatolewa kwa huruma. Ndio unaodhuru kuliko yote. Nyonga ikishafanyiwa upasuaji, kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku inayofuata, kwani vyuma au nyonga bandia huwekwa ili aweze kuukanyagia mguu mapema. Akilala tu, misuli hunyauka, damu huganda miguuni, nimonia huingia, makalio na visigino hutoka vidonda. Nyumbani aendelee kusimama na kutembea kila siku, kwa kiasi alichopangiwa.

"Anasahau, mazoezi hatayaweza." Wengi huyaweza, tena vizuri, ila si kwa kuhutubiwa. Mwambie neno moja: "Simama." Ngoja. Halafu lingine. Kumhimiza ainue goti mara kumi ni kazi bure. Mwite mezani, chai iko tayari, naye atapiga hatua zile zile. Asaidiwe na mtu yule yule, saa zile zile. Atasahau pia kwamba alivunjika, ainuke usiku peke yake: ondoeni mikeka inayoteleza, acheni taa ya kwenda msalani ikiwaka, fremu ya kutembelea ikae anapoiona.

"Hajalalamika, basi haumwi." Huenda maneno yamemkosa. Tazama anavyokunja uso, anavyolinda paja, anavyosukuma sahani au kumpiga anayemwosha. (Mgonjwa anayepiga hivyo huitwa mkorofi bure.) Dawa ya maumivu apewe kwa saa zilizoandikwa, asingojewe aombe.

"Dimenshia imezidi." Kwa kawaida dimenshia haizidi kati ya jana na leo. Akianza ghafla kuona watu wasiokuwepo, au kusinzia mchana kutwa, shuku maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu, mkojo uliozuilika au dawa mpya. Mengi ya hayo hutibika, kwa hiyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

"Mwiteni mkandaji." Hapana. Mguu uliovimba na kuuma huenda una damu iliyoganda, na bonge likisukumwa hufika mapafuni.

Kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, elezeni nyumba ilivyo: ghorofa ya nne bila lifti, choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa huenda amekatazwa kabisa, na kiti cha choo kinafaa kununuliwa kabla hajafika.